Dakika Moja ya Sebeya

Tarehe 3 Machi

Muhula umeanza. Wanafunzi kumi na wanne, viti kumi na viwili. Somo langu kwenye ratiba limeandikwa hivi: Uandishi Bunifu wa Habari za Mabadiliko ya Tabianchi. Nililiandika ubaoni. Juvénal, kijana mrefu wa nyuma ambaye wazazi wake walirudi kutoka Masisi, ng'ambo ya mpaka, akanyoosha mkono.

"Madamu, bunifu ni nini? Tutaimba?"

Wenzake wakacheka. Nilisubiri wamalize.

Kazi ya kwanza: kila mmoja alete habari moja aliyowahi kuisikia kuhusu mvua, na aseme ilimfanya afanye nini.

Tarehe 4 Machi

Mvua tangu asubuhi. Ziwa halikuonekana.

Tarehe 6 Machi

Wameleta. Juvénal alisikia kwamba dunia itaongezeka joto kwa nyuzi moja na nusu.

"Ukafanya nini?"

"Nilivaa sweta, Madamu. Siku ile ilikuwa baridi."

Wengine walisoma walichonakili kwenye simu. Barafu, nyangumi, miji ambayo hawajaiona. Kisha akasimama Cansilde, msichana anayekaa karibu na mlango, ambaye kila jioni hurudi kwao Mahoko. Hakuwa na karatasi.

"Mi sijapata, Madamu. Sijawahi kusikia habari ya mvua ikanifanya nifanye kitu. Mwaka wa mafuriko makubwa redio ilisema iko mvua juu ya wastani. Mama akauliza, huyo Wastani ni nani, na anakaa wapi?"

Darasa lilicheka tena. Niliwaambia ni mapumziko. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini.

Niandike hapa mara moja nisirudie. Maneno hayo niliyasoma mimi. Nilikuwa mtangazaji wa redio moja ndogo, na taarifa ya saa kumi na mbili jioni, ya Kinyarwanda kisha ya Kiswahili, ilikuwa yangu. "Mvua za juu ya wastani zinatarajiwa katika maeneo ya kaskazini-magharibi." Nilitamka vizuri. Nilizaliwa Karagwe, ukimbizini, na walikuwa wakinisifu kwa Kiswahili changu. Mdogo wangu Mukamazimpaka alikuwa na nyumba Mahoko, hatua thelathini kutoka mto Sebeya. Kabla hakujapambazuka mto uliingia ndani. Mumewe, Bizumuremyi, alitolewa juu ya mti wa parachichi. Mdogo wangu alipatikana siku ya tatu, kule mto unakoingia ziwani.

Niliacha redio, nikaja kufundisha. Watu huniambia nimepata nguvu. Sijapata kitu. Naamka, navaa, nafundisha.

Tarehe 10 Machi

Mvua. Nimesahihisha.

Tarehe 13 Machi

Nimewapeleka Mahoko. Ni mara yangu ya kwanza tangu mazishi. Nilidhani miguu itakataa. Ilitembea tu.

Tulisimama sokoni, wanafunzi wakawauliza watu wanataka kujua nini kuhusu mto. Hakuna aliyetaka kujua kuhusu tabianchi. Walitaka kujua kama leo walale nyumbani.

Tulipokuwa tunasubiri gari Cansilde akaniambia, "Madamu, tuwape dakika moja. Kila siku saa tisa, kabla soko halijafungwa. Sauti tu. Mutu ana nyanya kichwani hawezi kusoma makala."

"Dakika moja ya nini?"

"Ya Sebeya. Imefika wapi."

Ilikuwa rahisi mno, nikaudhika kwamba sikuifikiria mimi. Kuudhika kwenyewe kulidumu muda mfupi, kama joto la kiberiti.

Tarehe 18 Machi

Kazi imekamilika bila mimi kusukuma sana. Wamepaka mistari mitatu kwenye nguzo ya daraja la juu, huko milimani: mweupe chini, wa njano katikati, mwekundu juu. Mwanamke mwenye duka karibu na daraja anampigia Cansilde na kumwambia maji yako mstari upi. Cansilde anaandika, Juvénal anasoma. Sauti inatumwa kwenye simu za wachuuzi, na pale sokoni inatoka kwenye kile kipaza sauti cha kutangazia vitu vilivyopotea.

Juvénal nilimwona mchekeshaji tu. Kumbe ana sauti ya kuaminika. Anasoma kwa Kinyarwanda, halafu kwa Kiswahili cha kwao, na watu husimama.

Nilikuwa na sauti kama hiyo.

Tarehe 20 Machi

Dakika ya kwanza imetoka. Maji chini ya mweupe. Mtu mmoja alipiga makofi.

Tarehe 21 Machi

Mweupe.

Tarehe 24 Machi

Mweupe. Mvua nyepesi. Nimekula mkate.

Tarehe 27 Machi

Leo tumekosea.

Saa saba wingu lilikaa juu ya milima ya kusini, jeusi, na duka la darajani likapiga: njano. Utabiri wa simu nao ulisema mvua kubwa. Cansilde alinitazama. Aliandika: "Mvua kubwa inakuja. Hameni sasa." Akaniuliza, "Niache hivyo?"

Nilikumbuka jinsi neno wastani lilivyokuwa laini mdomoni. Nikasema aache.

Juvénal alisoma. Soko lilivunjika kama chungu. Wanawake walifunga watoto, wanaume wakabeba magodoro, wote wakapanda mpaka shule iliyo juu ya kilima. Walikaa huko hadi giza. Wingu lilikwenda kumwaga mvua upande mwingine kabisa. Sebeya ilirudi mweupe.

Watu walishuka na magodoro yao. Hakuna aliyetutukana. Ingekuwa afadhali.

Tarehe 31 Machi

Alikuja chuoni mwanamke mmoja, Nyirabagenzi, muuza nyanya. Alimpita mlinzi, akapita ofisi ya Karenzi, mkuu wa idara yetu, akaingia darasani na viatu vya matope.

"Nani ni mwenye ile sauti?"

Juvénal alisimama. Namsifu kwa hilo; angeweza kunyamaza.

"We ulisema tuhame. Nikahama. Kurudi, mbuzi zangu mbili haziko. Mwizi naye alisikia redio yako. Yeye ndiye alielewa muzuri."

"Mama, tusamehe," Juvénal akasema.

"Sitaki samehe. Nataka kujua. Ulijua maji yanakuja, ao ulidhani?"

Juvénal alinitazama. Wote walinitazama.

"Tulidhani," nikasema.

"Sasa mbona hamukusema mnadhani? Ningemwacha mutoto mukubwa na mbuzi, mi nikapanda na wadogo. Mutu mzima anajua kupanga, Mwalimu. Semeni munajua nini. Halafu semeni hamujui nini. Ile ingine tutajipangia."

Karenzi alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Alipoondoka yule mama, aliniita. Alisema dakika isimame mpaka kamati ya chuo ikutane. Nikauliza kamati itakutana lini. Akasema itapangwa.

"Sawa," nikasema. Sikupigana. Nilitoka nikanywa chai ya kantini, ilikuwa ya baridi.

Tarehe 2 Aprili

Niliwaambia wanafunzi kwamba mradi umesimama. Nilitegemea wafurahi, kazi imepungua. Cansilde hakufurahi.

"Bon, kamati imesimamisha kutangaza. Haijasimamisha kuomba radhi."

Nikawaambia kwamba gazeti likikosea huandika sahihisho ukurasa wa ndani, kwa herufi ndogo kama sisimizi. Juvénal akauliza, "Na sisi hatuna ukurasa?"

Tukakubaliana: kila nyumba iliyohama, tutabisha hodi. Tutasema tumekosea. Kisha tutawauliza kila neno la utabiri kwao lina maana gani.

Tarehe 7 Aprili

Wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari imeanza. Hakuna masomo.

Tarehe 10 Aprili

Mvua.

Tarehe 13 Aprili

Mvua. Nimefua, nguo hazijakauka.

Tarehe 16 Aprili

Siku ya kwanza ya kubisha hodi. Nilifundisha miaka miwili kwa vitabu, na leo nimeona kwamba nilikuwa nafundisha upepo.

"Mvua kubwa" tuliitangaza kama tishio. Mzee mmoja alitabasamu: "Mvua kubwa? Hiyo ni viazi, mwanangu." Mwaka wote anaiomba kanisani. "Tahadhari," mama mmoja alisema, ni karatasi inayobandikwa ukutani. "Maporomoko" walidhani ni yale ya watalii kupiga picha. Kila mmoja tulimuuliza: sasa ukitaka kukimbia, nikuambie nini? Na wote, bila kuambizana, walijibu kitu kile kile: niambie maji yako wapi, na njia ipi ni kavu.

Juvénal aliandika yote. Leo hakufanya mzaha hata mmoja. Akaniuliza tu, "Madamu, hii watu walikuwa nayo siku zote. Mbona hakuna mutu aliuliza?"

Nilimwambia afunge daftari, tuondoke. Jibu langu ni refu, na lina jina la mdogo wangu.

Tarehe 17 Aprili

Bizumuremyi.

Alikuwa sokoni na magunia mawili ya viazi. Sasa analima Nyakiriba, juu, mbali na mto. Sikuwa nimemwona tangu siku tulipomzika mdogo wangu. Nilikuwa nikisikia kwamba ananiulizia, nami kila mara nilikuwa na sababu ya kutokwenda. Leo sikuwa na pa kupita. Nyuma yangu walikuwa Cansilde na wanafunzi wanne.

"Shemeji," akasema.

"Shemeji."

Alinitolea ndoo niikalie. Wanafunzi, kwa kuwa hawakujua, wakamwuliza kama walivyowauliza wengine wote: mwaka wa mafuriko makubwa ulisikia nini redioni? Nilitaka kumzuia Cansilde. Nilibaki nimekaa juu ya ndoo.

Bizumuremyi alinitazama, akaona kwamba hawajui. Hakunitaja. Alisema polepole:

"Redio tulisikia. Bibi yangu, yule mke mto ulimuchukua, aliongeza sauti mupaka mwisho, akaita majirani. Ile jioni nyumba ilijaa. Kila jioni ilikuwa hivyo. Akawaambia, nyamazeni, sikilizeni vile anasema. Tulikaa wote, tukanyamaza."

"Na mlielewa nini?" Cansilde akauliza, kalamu juu ya karatasi.

"Nini? Hakuna. Hakuna mutu alikuwa anasikiliza maneno. Tulikuwa tunasikiliza yule anasema. Bibi yangu alikuwa anamupenda sana."

Cansilde aliandika. Aliandika "anampenda mtangazaji," nikaona.

Kwa miaka yote hii nilijiambia kwamba mdogo wangu alinisikia, akashindwa kuelewa, akafa akijaribu kuelewa. Sasa naambiwa hakujaribu hata. Alikuwa amekaa, anafurahi. Sijui ipi ni nzito zaidi. Nimeziweka zote mbili mbele yangu na hakuna inayonigusa. Nilinunua beseni la viazi, akataka nisilipe, nikalipa.

Tarehe 18 Aprili

Sikuenda kazini.

Tarehe 19 Aprili

Viazi viko mlangoni bado.

Tarehe 22 Aprili

Nimerudi. Hakuna aliyeniuliza. Kwenye meza yangu kulikuwa na daftari la vipimo vya mto. Wanafunzi wameendelea kupima kila siku bila kutangaza, na bila mimi. Wamegundua jambo: maji yakigusa mwekundu darajani, huchukua kama saa moja na nusu kufika Mahoko. Wamelipata kwa kuwauliza wazee na kulinganisha na mvua mbili za mwezi huu. Chini Cansilde ameandika kwa penseli: "Hatuna uhakika. Inaweza kuwa pungufu."

Nimesoma sentensi hiyo ya mwisho mara nyingi. Ni sentensi bora kuliko zote nilizowahi kusoma redioni.

Tarehe 25 Aprili

Nimemwuliza Karenzi kuhusu kamati. Bado.

Tarehe 29 Aprili

Mweupe. Njano. Mweupe.

Tarehe 2 Mei

Mvua mchana na usiku. Udongo umeshiba, ukikanyaga, maji yanatoka pembeni mwa kiatu.

Tarehe 6 Mei

Naandika nikiwa shuleni juu ya kilima, Mahoko. Bado kuna mwanga. Niandike kama ilivyotokea.

Saa nane kasoro dakika kumi duka la darajani lilipiga: njano. Saa nane na robo: mwekundu. Kisha yule mama akasema, "Mustari sioni tena," na simu ikakatika.

Cansilde alikuwa na karatasi tayari. Mama yake yuko Mahoko. Alikuwa ameuma mdomo mpaka damu.

Nilimpigia Karenzi. Nikamwambia mstari mwekundu umefunikwa na nataka dakika yangu. Akaanza, "Madamu, kamati haija..." Nilisikia mvua kwenye dirisha lake na kwenye langu. "Shangazi yangu iko pale Mahoko," akasema. "Chukueni gari ya chuo. Ningojeni, nakuja nayo mwenyewe."

Nilikuwa nikimwona mtu wa mihuri. Aliendesha kama mwizi.

Sauti tuliituma kwenye simu tukiwa njiani. Lakini mvua ikipiga mabati, nani anasikia simu? Tulipofika sokoni mwenye kipaza sauti alikikumbatia.

"Hapana. Ile siku nyingine mulituchezea. Hawatanisamehe mara mbili."

Juvénal alimwomba kwa lugha zote anazozijua. Muda ulikuwa unakwenda. Nilisimama pale na saa yangu, mtulivu kupita kiasi, nikiona tu jinsi mshale unavyosogea. Ndipo Nyirabagenzi alipotoka nyuma ya nyanya zake.

"Lete hiyo karatasi."

Alisoma kimya, midomo ikicheza. Akamwuliza Cansilde, "Hii mumeona, ao munadhani?"

"Mwekundu tumeona. Saa moja na nusu tunadhani. Imebaki chini ya saa."

Alimpokonya yule mtu kipaza sauti, na hakusoma karatasi. Alisema:

"Ni mimi Nyirabagenzi, ile ya mbuzi. Musikie. Kule darajani maji yamefunika mwekundu, wameona na macho. Kufika hapa, hawajui muzuri, labda saa nne haitapiga... hapana, labda saa kumi haitapiga. Njia ya chini ni matope, njia ya shule ni kavu. Mi niko naenda. Mutu mukubwa moja abaki na vitu mupaka saa tisa na nusu, halafu naye apande. Nimemaliza."

Alikosea saa, akajisahihisha, na nadhani ndiyo maana walimwamini. Alijitwika kapu, akatangulia. Watu walitazama mgongo wake kidogo, kisha wakaanza kufunga mizigo. Hawakukimbia. Walipanga.

Tuligawana nyumba za kando ya mto. Mimi na Cansilde tulikwenda kwao. Mama yake alikuwa na chungu cha maharage motoni.

"Mama, twende."

"Maharage nimeanza asubuhi."

"Mama!"

"Sasa niachie Sebeya maharage?"

Alikishusha chungu, akafunga mikono kwa majani ya mgomba, akakibeba kikiwa kinatoa moshi, mpaka juu kabisa. Mimi nilipewa kuku. Sikujua ninaye mpaka tulipofika, mtu akanionyesha.

Maji yalikuja saa kumi kasoro robo. Hayakuwa na kishindo mwanzoni. Yalikuwa ya rangi ya kahawia, mazito, yakabeba milango, madumu ya njano, kitanda kizima kimetandikwa. Ukuta wa nyumba ya Cansilde ulikaa kidogo, kisha ukapiga magoti. Nyumba kumi na moja, moja baada ya nyingine. Watu walizihesabu kwa majina ya wenyewe.

Karenzi alikuwa na orodha ya watu wa kando ya mto, anaita. Kila jina liliitika. Aliita mara mbili ili kuhakikisha. Yote yaliitika tena.

Nilisubiri nisikie kitu kifuani. Kuku alikuwa anahema mkononi mwangu, moyo wake unakwenda mbio.

Tarehe 7 Mei

Habari imetoka redioni, sentensi moja: mvua zimebomoa nyumba kumi na moja, hakuna aliyefariki. Kisha mpira.

Juvénal aliingia darasani amenuna. "Hakuna mutu amekufa, donc hakuna habari. Tungepata maiti moja wangekuja na kamera."

Nilisimama. Sikuwa nimeandaa somo.

"Mtihani wenu ni huu," nikasema. "Niandikieni habari ya watu ambao hawakufa. Ukurasa wowote, sauti yoyote, namna mtakayo. Wiki mbili."

"Tuandike nini, Madamu? Hawakufanya kitu."

"Kaulizeni walifanya nini jana yake, leo yake, na kesho yake."

Tarehe 12 Mei

Kamati imekutana. Dakika imeruhusiwa. Karenzi aliileta barua mwenyewe na hakukaa.

Tarehe 15 Mei

Mvua imepungua. Nimepika viazi vilivyobaki bila kuoza. Nimemtumia Bizumuremyi salamu.

Tarehe 22 Mei

Nimesahihisha siku nzima. Juvénal ameleta sauti: dakika moja, watu ishirini, kila mmoja anasema jina lake na kitu alichokula asubuhi ya tarehe saba. Hakuna muziki. Nimempa kumi na saba juu ya ishirini. Angeniuliza wiki kumi zilizopita, ningesema hiyo si habari.

Cansilde ameandika majina arobaini na tatu, yote ya upande wake wa mto. Mtoto aliyekataa kuvaa viatu vilivyolowa. Mzee aliyekwenda kutazama shamba, akarudi, akalala. Nyirabagenzi amerudi sokoni na nyanya za kukopa, anawagombeza wateja. Bibi na bwana waliokosana kuhusu kitanda kilichokwenda na maji, nani alikitandika vizuri hivyo kwa ajili ya mto. Nilisoma polepole. Hakuna neno wastani.

Nilipofika mwisho nilirudi mwanzo, nikatafuta. Nikamwita.

"Kumi na nane. Mbili nimekata."

"Kwa nini, Madamu?"

"Mama yako hayumo."

Alitazama chini. "Ni mama yangu. Mwandishi hajiandiki."

"Nani alisema?"

"Wewe, Madamu. Wiki ya pili."

Ni kweli, nilisema. Niliwasomea kutoka kwenye kitabu. Nilitafuta namna ya kulieleza sawasawa, sikuipata, nikamwambia tu akamwandike. Mtu wa arobaini na nne.

"Niandike nini?"

"Andika alibeba chungu mpaka juu. Andika maharage yalikuwa yameiva au bado."

Akafikiri, kwa makini kabisa, kama anavyofikiri kabla ya kuandika kipimo cha maji.

"Bado, Madamu. Yalikuwa magumu kama mawe. Watu arobaini walikula, na kila mutu akasema ni matamu, kwa sababu ya heshima. Mama mupaka leo anaamini."

Ikanitoka. Sikuiita. Ilianza tumboni, ikapanda, nikashika meza. Cansilde aliogopa kidogo, kisha naye akashindwa kujizuia. Karenzi alifungua mlango wa ofisi yake, miwani mkononi, kuja kuona ni nani anayecheka.